Chombo cha Ndara, Tiara na Kifuniko Kinachovuma: Jinsi ya Kutengeneza Vichezeo vya Utoto wa Lamu

Mzazi anayetaka watoto wake waujue utoto wa Lamu hana njia iliyo bora kuliko kuketi nao barazani, akaweka mbele yao uzi, mkasi na vitu vilivyokwisha kazi, na kutengeneza nao vichezeo vile vile walivyovichezea wazee wao, huku akiwasimulia kila kimoja kilikotoka. Picha za zamani hupendeza na hadithi husikilizwa, lakini mtoto aliyelifunga tanga kwa vidole vyake mwenyewe huijua bahari ya kwao kwa namna ambayo hakuna picha inayoweza kumpa. Maelezo haya yanahusu vichezeo vitatu: chombo cha baharini kilichokatwa kutoka kwenye ndara kuukuu, tiara (kishada) ya karatasi na chelewa, na kifuniko cha soda kinachovuma kwenye uzi. Pia ya kuzungusha, manati na gari la waya nimeviacha kwa makusudi, kwa kuwa pia nzuri inahitaji mtu ajuaye kukereza mti, manati huumiza macho na ndege, na gari la waya, ambalo watoto wa Lamu wamelipenda kwa muda mrefu ingawa mji wao umejaa punda na vichochoro visivyopitika kwa magari, linastahili maelezo yake peke yake.

Jambo la kwanza la kumweleza mtoto, kabla hata hajashika mkasi, ni kwamba vichezeo vingi vilizaliwa kutokana na mabaki ya kazi za watu wazima. Huko Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu, fundi wa majahazi anapochonga ubao kwa tezo, vibanzi huanguka miguuni mwake, na tangu zamani vibanzi hivyo vimekuwa mali ya watoto wanaozunguka pale. Mvuvi hutupa kipande cha mshipi kilichochakaa, msusi wa mikeka hubakiwa na vipande vya ukili, mnazi huangusha karara, na jikoni hubaki vifuniko na makopo. Mtoto wa pwani hakuhitaji duka kwa sababu bandari nzima ilikuwa ikimwachia vifaa.

Mtoto wa siku hizi huenda akadhani kwamba habari hiyo ni ya maskini tu na kwamba vichezeo vya dukani vina asili nyingine, tukufu zaidi. Hapo ndipo unapopaswa kumsimulia historia ya viwanda, kwani inashangaza. Chemchemi ya waya ambayo hushuka ngazi yenyewe, iitwayo Slinky, ilitokana na kazi ya meli. Mwaka 1943, mhandisi wa majini wa Marekani, Richard James, alikuwa akitafuta chemchemi za kutuliza vyombo vya kupimia ndani ya meli zinazoyumbayumba, ndipo moja ikaanguka na kuendelea kusogea hatua kwa hatua. Mwaka 1945 ilipooneshwa dukani huko Philadelphia, 400 ziliuzwa kwa muda wa dakika 90. Udongo laini wa rangi ambao watoto hufinyangia maumbo, uitwao Play-Doh, ulianza ukiwa dawa ya kusafishia karatasi za ukutani zilizochafuliwa na masizi ya makaa ya mawe katika nyumba za Marekani. Nyumba zilipoacha kupashwa moto kwa makaa, dawa hiyo ilikosa wanunuzi, mpaka mwalimu wa watoto wadogo alipogundua kwamba wanafunzi wake waliweza kuifinyanga bila taabu, na kufikia mwaka 1956 ikawa inauzwa kama kichezeo. Hata LEGO, ambayo leo inajulikana kwa matofali yake ya plastiki, ilianzia katika karakana ya seremala Ole Kirk Christiansen huko Billund, Denmark, aliyegeukia kutengeneza vichezeo vya mbao mwaka 1932 wakati mdororo wa uchumi ulipompunguzia kazi za ujenzi. Tofali la plastiki kwa umbo tunalolijua lilisajiliwa mwaka 1958. Kwa hiyo seremala wa Billund na mtoto wa Matondoni walianza mahali pamoja, nao wote walikuwa wakitazama ubao ambao kazi kubwa haikuuhitaji.

Waulize wazee kwanza

Kabla ya kukata kitu chochote, mpeleke mtoto kwa mzee wa nyumba na umwache aulize mwenyewe. Maswali yanayofaa ni yale ya vitendo: walitumia nini, walikitoa wapi, walicheza pwani gani na katika pepo zipi. Ukimwuliza mzee kwa jumla jumla tu utoto wake ulikuwaje, atakujibu kwa jumla. Ukimwuliza tanga alilifunga kwa kitu gani, atanyoosha mkono kukuonesha. Mazungumzo huwa kama haya:

“Babu, nanyi mlikata vyombo vya ndara?”

“Ndara tungezitoa wapi, mjukuu wangu? Sisi tulikuwa na karara la mnazi. Lile likianguka, tayari lina omo na tezi. Ni kulitia mlingoti tu.”

Mtoto na aandike majibu hayo katika daftari, pamoja na mchoro, kwa maneno yale yale aliyoyatumia mzee. Majina ya sehemu za chombo yanapotea upesi kuliko vyombo vyenyewe, na mtoto anayeyapata kutoka kinywani mwa babu yake atayatumia bila kuona haya.

Chombo cha ndara

Hiki ndicho kichezeo ninachokithamini kuliko vyote, na ndicho nitakachokieleza kwa kirefu. Tafuta ndara mbili kuukuu za mtu mzima, zile za sponji zenye gidamu ya mpira, ambazo pwani zetu hazikosi kamwe kwa kuwa mawimbi huzileta hata kutoka ng’ambo ya Bahari ya Hindi. Tafuta pia kijiti cha mshikaki, chelewa mbili kutoka kwenye ufagio, kipande cha leso iliyochakaa, mshipi mwembamba wa kuvulia, sindano nene, dumu la plastiki la mafuta ya kupikia lililo tupu, na chubwi ndogo, yaani kizito cha kuzamishia mshipi. Ukikosa chubwi, msumari wa inchi mbili utafaa.

Ng’oa gidamu na uzitazame vizuri tundu tatu zinazobaki, kwa sababu zitakufaa zote. Upande wa vidole ndio omo, na upande wa kisigino ndio tezi. Chora kwa kalamu umbo la chombo juu ya ndara ya kwanza, omo ikiwa imechongoka na tezi ikiwa pana kidogo, ukihakikisha kwamba tundu la mbele linabaki kiasi cha sentimita mbili nyuma ya ncha, na kwamba yale mawili ya nyuma yanabaki ndani ya ubavu wa kulia na wa kushoto. Upana wa sentimita nane unatosha. Mtu mzima ndiye akate kwa kisu kikali, kwa kuvuta pole pole na si kwa kusaga, maana sponji iliyosagwa huacha kingo zenye mikwaruzo zinazokamata maji na kukipunguzia chombo mwendo. Kisha chukua kijiwe kikavu, au kipande cha msasa, umpe mtoto alainishe kingo za chini mpaka ziwe za mviringo.

Ndara moja ni nyembamba mno kuushika mlingoti, kwa hiyo kata kutoka kwenye ndara ya pili kipande cha urefu wa sentimita saba na upana wa sentimita tano, ukiweke juu ya chombo, mbele kidogo ya katikati. Usikigundishe. Kishone kwa mshipi, ukipitisha sindano kutoka juu hadi chini na kurudi juu, na kukaza kila mshono kabla ya kwenda kwenye unaofuata. Kuna sababu mbili za kushona: gundi nyingi huachia zikikaa katika maji ya chumvi, na, muhimu zaidi, hivi ndivyo vyombo vya visiwa hivi vilivyotengenezwa. Mtepe, ambao wazee wa Wabajuni na watu wa Lamu waliuunda hadi mwanzoni mwa karne ya 20, haukuwa na msumari hata mmoja katika mbao zake. Mbao zilitobolewa kandokando, zikashonwa kwa kamba ya nazi, na tundu zikazibwa, kisha juu ya mlingoti likapandishwa tanga la pembe nne lililosukwa kwa miyaa kama mkeka. Mabaharia wa Kigiriki walioifikia pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 1 waliandika kwamba waliona vyombo vya kushonwa, na hiyo ina maana kwamba mshono anaoukaza mtoto wako barazani una miaka isiyopungua 1,900 katika pwani hii. Mwambie hivyo wakati sindano ingali mkononi mwake, si baadaye.

Sasa pasha moto ncha ya msumari na utoboe tundu katikati ya kile kipande kilichoshonwa, lipite tabaka la juu na kuingia katika la chini lakini lisitokee chini yake. Kata kijiti cha mshikaki kiwe na urefu wa sentimita 22, ukiondoe ncha yake kali, na ukichomeke kikiwa kimeinama mbele kidogo, kama ilivyo milingoti ya majahazi yetu. Funga uzi kwenye kichwa cha mlingoti, uulete chini hadi kwenye tundu la gidamu la ubavu wa kulia, ufunge, kisha ufanye vivyo hivyo upande wa kushoto. Kiwanda kilichozitoboa tundu hizo hakikufikiria mlingoti, lakini hakuna fundi ambaye angezipima vizuri zaidi.

Foramali, yaani mti unaobeba tanga, hutengenezwa kwa chelewa mbili zilizolalishwa pamoja, ncha nyembamba zikielekea nje na sehemu nene zikikutana katikati, halafu zikafungwa kwa uzi mahali patatu ili zipate urefu wa sentimita 30. Foramali ya jahazi la kweli nayo huungwa kwa miti zaidi ya mmoja kwa namna hiyo hiyo, kwa kuwa ni vigumu kuupata mti mmoja ulionyooka wenye urefu wa kutosha, na hata ukiupata, ule ulioungwa hupinda vizuri zaidi upepo unapozidi. Kata leso katika umbo la pembetatu yenye upande mmoja wa sentimita 28 na pande mbili za sentimita 22 kila mmoja. Upande mrefu ndio unaoshonewa foramali. Kisha ikate ncha ya mbele kiasi cha sentimita tatu, ili tanga liwe na pande nne badala ya tatu; ukilitazama jahazi lolote linalopita mbele ya mji utaona ufupi huo wa upande wa mbele, na watoto wa Lamu hukicheka chombo kisichokuwa nao. Lisugue tanga kwa mshumaa pande zote mbili ili lisinywe maji.

Zamani tanga hili lilikatwa kutoka kwenye mfuko wa plastiki, nao ulikuwa mwepesi na haukulowa. Lakini tangu tarehe 28 Agosti 2017, Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, watoto wamelazimika kurudi kwenye kitambaa, jambo ambalo mimi naliona kuwa ni heri. Leso iliyopakwa nta hujaa upepo kwa umbo zuri kuliko plastiki, haipigi makelele, na haimezwi na kasa ikipotea baharini.

Funga foramali kwenye mlingoti kiasi cha theluthi mbili ya urefu wa mlingoti kutoka chini, ncha yake ya mbele ikishuka karibu na omo na ile ya nyuma ikipanda juu. Kamba ya demani, ambayo huishika pembe ya nyuma ya tanga, ifunge kwenye kijiti kidogo kilichochomekwa katika tezi, na iachie nafasi ya kulegezwa na kukazwa. Chini ya chombo, pasua mfereji mwembamba katikati, usiozidi nusu ya unene wa ndara, uchomeke ndani yake kipande cha plastiki ya dumu chenye urefu wa sentimita 12 na kina cha sentimita tano. Huo ndio mkuku, na ukingoni mwake chini ndipo inapofungwa chubwi. Kipande kingine kidogo, kilichochomekwa wima nyuma kabisa, ndicho usukani.

Jaribio la kwanza lifanyike ndani ya karai la maji, wala si baharini. Weka chombo, pulizia tanga taratibu kutoka ubavuni, na utazame. Kikilala upande mmoja na kushindwa kuinuka, uzito wa chini ni mdogo au mkuku ni mfupi. Kikizama omo, sogeza chubwi nyuma. Kikigeuka kila mara kuukabili upepo na kusimama huku tanga likipigapiga, tanga limekaa nyuma mno, basi legeza demani, na ikishindikana, usogeze mlingoti mbele. Kikikimbia na upepo bila kukubali kuelekezwa, mlingoti uko mbele mno. Mwache mtoto abashiri kabla hujamweleza. Watoto wengi hulielewa jambo la uzito siku hiyo hiyo, ilhali suala la mlingoti huwachukua muda, na ni vizuri kwamba huwachukua muda, kwa kuwa hapo ndipo wanapoanza kuyatazama majahazi kwa macho ya nahodha.

Mahali pa kukishushia ni pale maji yanapokupwa na kuacha vidimbwi vipana vyenye kina cha goti, kwa mfano katika pwani ya Shela. Usimruhusu mtoto kushusha chombo katika mkondo ulio kati ya Lamu na kisiwa cha Manda, kwa sababu maji hapo huvuta kwa nguvu na mashua za injini hupita mchana kutwa. Funga mshipi wa mita 15 kwenye lile tundu la mbele la gidamu na mtoto aushike mwisho wake. Wakati wa kaskazi, kuanzia takriban Desemba hadi Machi, upepo huwa na adabu na chombo kidogo huweza kwenda mwendo mrefu; kusi ikishika, hasa Juni na Julai, pindua ukingo wa chini wa tanga na uufunge ili tanga lipungue, au usubiri asubuhi mapema.

Mtoto akikuuliza kama ndara inaweza kweli kuwa chombo, una jibu lililo hai. Mwaka 2018, hapa hapa Lamu, mafundi wakiongozwa na Ali Skanda waliteremsha majini Flipflopi, chombo chenye urefu wa takriban mita tisa kilichoundwa kwa plastiki iliyokusanywa, zaidi ya tani 10, na ubavu wake ukavikwa vipande vya ndara zipatazo 30,000. Mwanzoni mwa mwaka 2019 kilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, masafa ya kilomita 500 hivi. Mafundi hao walijifunza kazi kwenye mbao, kwa tezo na msumeno, lakini wazo la kwamba taka ya pwani inaweza kupandishwa tanga watoto wa visiwa hivi walikuwa nalo tangu zamani.

Tiara

Tiara ni rahisi kuliko chombo, nayo humpa mtoto furaha upesi. Chagua chelewa mbili zilizonyooka, moja ya sentimita 45 na nyingine ya sentimita 40. Zipishane kama msalaba, ile fupi ikikata ile ndefu kwenye robo ya urefu wake kutoka juu, kisha zifunge kwa uzi mahali zinapokutana. Zungusha uzi kutoka ncha hadi ncha upate umbo la almasi, na uuweke msalaba huo juu ya karatasi nyepesi. Gazeti linafaa, ingawa karatasi laini ya kufungia zawadi hupaa vizuri zaidi. Ikate karatasi ikiwa imezidi uzi kwa sentimita mbili pande zote, pindua ukingo, na uugundishe kwa punje za wali mkavu uliopondwa kwa kidole na tone la maji. Gundi hiyo ya wali ni nyepesi, haigharimu chochote, na ikikauka hushika kama saruji.

Hatamu ya tiara ni uzi uliofungwa sehemu mbili za chelewa ndefu, juu ya njia panda na karibu na mwisho wa chini, ukiacha ulegevu wa sentimita kumi hivi. Uzi mkuu hufungwa juu ya hatamu hiyo, karibu zaidi na kichwa cha tiara. Mkia wa vitambaa uwe na urefu mara tano au sita ya urefu wa tiara. Ikizungukazunguka na kuanguka kichwa, ongeza mkia. Ikikataa kupanda, shusha kidogo fundo la uzi mkuu kwenye hatamu au upunguze mkia.

Tiara ilianza China zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na tangu hapo watu wazima wamekuwa wakiiazima kutoka kwa watoto kila waliposhindwa na jambo. Mwaka 1848, wahandisi waliotaka kujenga daraja juu ya bonde la mto Niagara, kati ya Marekani na Kanada, hawakuwa na njia ya kuupitisha uzi wa kwanza juu ya maji yanayochemka. Kijana mdogo aitwaye Homan Walsh ndiye aliyeupitisha kwa tiara yake, na kutokana na uzi huo wakavuta kamba, na kutokana na kamba wakavuta nyaya. Tarehe 12 Desemba 1901, Guglielmo Marconi alipokuwa Newfoundland akisubiri ishara ya redio kutoka Uingereza, waya wake wa kupokelea ulishikiliwa angani na tiara. Simulizi hizi mbili zinafaa kusimuliwa wakati wali unapokauka, maana hakuna kazi nyingine ya kufanya na mtoto anakuwa na hamu ya kwenda nje.

Rusheni tiara katika pwani iliyo wazi, mbali na nyaya za umeme na kamwe si upande wa Manda, ambako ndege za abiria hutua na kuruka. Uzi uwe wa pamba, usiopakwa unga wa chupa. Mchezo wa kukatana nyuzi kwa chupa umewajeruhi watu wengi katika nchi zinazoucheza, na sioni sababu ya kuuleta barazani kwetu.

Kifuniko kinachovuma

Kichezeo cha mwisho huchukua muda wa kuchemsha chai. Weka kifuniko cha soda juu ya jiwe, meno yakielekea juu, na ukigonge kwa nyundo au jiwe jingine mpaka kiwe bapa kabisa. Sugua ukingo wake kwenye sakafu ya saruji ili usiwe na makali. Toboa kwa msumari tundu mbili karibu na kitovu, zikiachana kwa upana wa punje mbili za mchele na zikiwa na umbali sawa kutoka katikati, pitisha uzi imara wa mita moja katika tundu zote mbili, na ufunge ncha zake pamoja. Mtoto ashike kitanzi kwa mikono miwili, azungushe kifuniko mpaka uzi usokoteke, kisha avute na kulegeza kwa mpigo. Kifuniko huzunguka upande mmoja, husimama kwa muda mfupi mno, kisha hurudi upande mwingine, huku kikivuma kama nyigu.

Kifuniko chenyewe kilibuniwa na William Painter wa Baltimore, Marekani, aliyepata hataza yake mwaka 1892, lakini kichezeo hiki ni cha kale zaidi. Kabla ya soda watu walitumia mifupa, vigae na vipande vya mti. Kinachoshangaza ni kazi kilichokuja kufanya baadaye. Mwaka 2017, Manu Prakash na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha maelezo ya kifaa cha karatasi na uzi, kilichotengenezwa kwa kanuni hiyo hiyo, ambacho huzunguka hadi mara 125,000 kwa dakika na kuitenganisha damu ili ipimwe malaria mahali pasipo na umeme, kwa gharama ya senti 20 za Marekani. Walikijaribu Madagascar. Mashine ya hospitali inayofanya kazi hiyo huhitaji umeme na fedha nyingi, ilhali hii huvutwa kwa mikono miwili, kama avutavyo mtoto.

Kwa watoto walio chini ya miaka saba tumia kitufe kikubwa cha koti au duara la boksi gumu badala ya bati, na hata kwa wakubwa, kifuniko kiwe mbali na uso na nywele ndefu zifungwe nyuma. Kama kikiyumba badala ya kuzunguka sawasawa, tundu hazikukaa katikati, na ni rahisi kuanza na kifuniko kingine kuliko kukirekebisha hicho. Uzi ukagueni kila siku pale unapopita kwenye bati, kwa kuwa ndipo unapolika, na mara unapoanza kutoa nyuzinyuzi ubadilisheni, maana ukikatika kwa kasi ile kifuniko huruka kikafika ng’ambo ya kichochoro.